Hamali wa Maafa: Neno "Ustahimilivu" na Hadithi Mbili za Ziwa

Mijadala yetu kuhusu istilahi mara nyingi huishia kwenye maswali ya umbo. Je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha? Je, limeidhinishwa? Je, linatamkika bila taabu? Maswali hayo yana haki yake, wala sikusudii kuyabeza. Lakini liko swali jingine ambalo, kwa maoni yangu, tumelipuuza, nalo ni hili: neno likishaundwa na kupelekwa kijijini, linamtaka nani afanye nini? Katika makala haya nitalichukua neno moja tu, "ustahimilivu", ambalo siku hizi ni nadra kulikosa katika hati zinazohusu mafuriko, ukame na mabadiliko ya tabianchi, na kulipima kwa mizani ya hadithi mbili za watu wanaoishi na maafa hayo. Ya kwanza ni masimulizi ya Simbi Nyaima, na ya pili ni hadithi fupi ya Grace Ogot iitwayo "The Rain Came".

Kilichonisukuma kuandika ni baraza moja nililohudhuria Pap Onditi, katika Nyakach ya chini, baada ya mafuriko ya mwaka 2024. Pap, kwa Kijaluo, ni uwanda ulio wazi. Na yeyote aliyepita barabara itokayo Katito kuelekea Kendu Bay anajua kwamba jina hilo halikutolewa ovyo. Ardhi imelala tambarare mpaka ziwani, na nyuma yake umesimama mwinuko wa Nyabondo. Afisa mmoja aliyekuja mgeni alisoma maelezo yake kwa Kiswahili, na kijana akayafasiri kwa Kijaluo. Mambo yalikwenda vyema mpaka afisa alipofika mahali palipoandikwa kwamba jamii haina budi "kujenga ustahimilivu". Kijana akasita. Kisha akafasiri kwa kitenzi ambacho maana yake ni kuvumilia shida kimyakimya. Bibi mmoja aliyeketi mbele akainua mkono, akasema, "Nyathina, hilo tulikwisha kulijenga. Tangu mvua za Uhuru tunavumilia. Mmetuletea lipi jingine?" Watu wakacheka, afisa naye akacheka, na baraza likaendelea. Jibu halikutolewa.

Huenda mtu akasema kwamba kosa lilikuwa la mkalimani. La hasha. Mkalimani alilielewa neno kama linavyosema lenyewe. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na ndio uliotupatia kitenzi "himili", jina "himila", yaani mzigo, na "hamali", yule maskini wa bandarini ambaye kazi yake ni kubeba himila za wengine kwa ujira mdogo. Kamusi zetu huliweka "stahimili" jirani kabisa na "vumilia". Mwenye kustahimili, basi, ni yule aliyekwisha kutwikwa. Neno halituelezi ni nani aliyemtwika, wala halidokezi kwamba mzigo waweza kutuliwa, kugawanywa, au kurudishwa kwa mwenyewe. Linasifu shingo tu.

Tukilitazama neno la Kiingereza ambalo hili letu linalifasiri, tunaona kwamba safari yake ilikuwa nyingine. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kuruka na kurudi mahali pa awali. Wahandisi walilitumia kwa chuma na mbao, kueleza jinsi kitu kinavyopinda bila kuvunjika. Mwaka 1973 mwanaikolojia C. S. Holling alilitumia kueleza uwezo wa mfumo wa viumbe kupokea msukosuko na bado kubaki na mahusiano yake ya msingi. Kutoka hapo likaingia katika siasa za maafa: azimio la Hyogo la mwaka 2005, lililopitishwa nchini Japani, lililibeba katika jina lake, na lile la Sendai la mwaka 2015 likaliendeleza. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo nililisikia likitajwa katika semina za fani zisizopatana kwa lolote jingine. Neno linalopendwa na wote namna hiyo ni neno la kushukiwa. Hata hivyo, ni lazima tukiri kwamba katika lugha hiyo lina mwendo ndani yake: kinachopinda hurudi, kinachoanguka huinuka. Sisi tulipolifasiri tuliuacha mwendo, tukabaki na uzito.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina akiba. Tuna "kujihami", "kujikwamua", "kujinusuru", "kujizatiti", na vyote vina kile kiambishi "-ji-" ambacho humfanya mtenda awe pia mtendwa, akishughulikia hali yake mwenyewe. Tuna hata "unyumbufu", ambao ungekaribia picha ya chuma kinachopinda. Wajaluo nao wana neno "kinda", ambalo ni bidii ya kulishikilia jambo mpaka litimie, na ambalo halina harufu ya kutwikwa. Kwa nini basi waandishi wa hati wakachagua "ustahimilivu"? Nadhani si kwa hila. Walichagua neno lililokuwa karibu, na lililokuwa karibu ni lile ambalo tumezoea kuwahubiria maskini.

Hapa yafaa tuyatazame maafa yenyewe, maana uhakiki wa neno usiogusa ardhi ni mchezo wa wasomi. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na vijiji vingi vya ufuoni vikahama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na mashamba kote nchini. Mwaka 2020 ziwa lilikaribia tena kiwango cha 1964 na kukipita, na mwezi Mei 2024 likapanda juu zaidi ya hapo. Mto Nyando hutoka katika milima ya Nandi na kushuka kwenye uwanda wa Kano. Kwa hiyo mtu wa Ahero aweza kuona mafuriko siku ambayo kwake hapakudondoka hata tone moja. Kule Nyakach udongo umechimbwa na maji mpaka yamefanyika makorongo ambayo mtu akishuka ndani haonekani. Yale ya Katuk Odeyo yanajulikana na kila anayesoma habari za mmomonyoko katika Kenya. Kisha mwaka unaofuata, ardhi iyo hiyo hupasuka kwa ukame.

Jambo la kuzingatia katika maelezo haya ni kwamba maji yanayomwangamiza mtu wa chini yamepita kwa watu wengine kabla ya kumfikia. Yamepita penye misitu iliyokatwa, penye mashamba makubwa ya chai na miwa, penye kingo ambazo ujenzi wake ulipangwa na ofisi za mbali. Maafa hayo yana historia na yana watenda. Lakini sikiliza lugha ya matangazo: "Wananchi wanaoishi nyanda za chini wanashauriwa kuhamia maeneo ya juu." Mwanasarufi hawezi kuisikia sentensi hii bila kushtuka. Kitenzi kimetendwa, na mtenda hayupo. Wanashauriwa na nani? Na hayo maeneo ya juu ni ya nani? Katika nchi ambayo kila kipande cha mwinuko kina mwenyewe, "maeneo ya juu" mara nyingi humaanisha darasa la shule ya msingi au ukumbi wa kanisa, ambamo familia kadhaa hulala pamoja kwa majuma mengi huku watoto wa shule wakikosa pa kusomea. Nchi nzima ya jitihada na migogoro imefichwa katika kiambishi "-w-".

Sasa tuingie katika fasihi. Ukitoka Pap Onditi ukaelekea Kendu Bay utafika kwenye ziwa dogo la kreta, lenye maji ya magadi, ambalo heroe hulitembelea kwa wingi. Hilo ndilo Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Masimulizi yake yana matoleo mengi, lakini kiini hakibadiliki sana. Palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa katika pombe na ngoma. Akaja ajuza, amechoka, ameloa, akaomba chakula na mahali pa kujisitiri. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akampokea. Ajuza akamwonya mwanamke yule aondoke pamoja na watu wake, kisha maji yakaja yakakimeza kijiji pamoja na ngoma yake.

Shuleni tulifundishwa kwamba dhamira ya hadithi hii ni ukarimu: usimnyime mgeni, utaadhibiwa. Vitabu vingi vya kiada hutosheka hapo, na mwanafunzi akiandika "inafunza ukarimu" hupata alama zake. Mimi naona usomaji huo ni finyu, na una madhara, kwa sababu unawageuza waliozama kuwa wenye hatia. Mtu aliyepoteza nyumba katika uwanda wa Kano aweza kuulizwa, kwa mantiki hiyo hiyo, ni dhambi gani aliyotenda. Na yapo mahubiri ya namna hiyo, sote tumeyasikia.

Tuitazame fani yenyewe. Ni nini kinachomtenganisha aliyeokoka na waliokufa? Si wema kwa jumla, kwa maana hadithi haituelezi kama wale wengine walikuwa wezi au wauaji. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja alifikiwa na habari, na wengine hawakufikiwa. Na habari ile ilikuja kwa miguu, imevaa matambara, ikisema kwa sauti ya chini katikati ya kelele. Kumpokea ajuza na kupokea onyo ni tendo moja. Hapa ndipo ilipo busara ya msimuliaji: aliona kwamba katika jamii yenye tabaka, habari za hatari hutangulia kujulikana kwa walio pembezoni, na kwamba jamii iliyoziba masikio yake kwa watu hao imeziba masikio yake kwa mvua. Simbi, kwa usomaji huu, ni hadithi ya onyo lililokosa wa kulisikiliza, na adhabu ndani yake ni jambo la pili.

Usomaji huu si wa kubuni tu mezani. Huko Bunyore, katika kaunti jirani ya Vihiga, ukoo wa Nganyi unajulikana tangu zamani kwa elimu ya mvua: hutazama maua ya miti, mwendo wa wadudu na ndege, mwelekeo wa upepo. Kwa miaka mingi elimu hiyo iliitwa ushirikina. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya ilikaa pamoja na wazee hao, wakalinganisha dalili zao na zile za mitambo, wakatoa utabiri wa pamoja katika lugha ambayo mkulima anaielewa. Naona idara hiyo ilifanya kile ambacho wanakijiji wa Simbi walishindwa kukifanya. Ilimfungulia mlango mtu ambaye ilizoea kumfukuza.

Hadithi ya Grace Ogot inatupeleka mbali zaidi. Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki 2015, aliijumuisha katika mkusanyiko wake *Land Without Thunder* wa mwaka 1968, na tangu hapo imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Kiunzi chake chajulikana. Nchi imekauka. Mganga Ndithi anamweleza mtemi Labong'o kwamba mizimu inamtaka binti yake wa pekee, Oganda, aende akamezwe na dubwana la ziwani, ndipo mvua inyeshe. Oganda anawaona wazee wakinong'ona, anadhani wanajadili ndoa yake. Anapoambiwa ukweli tayari umma umekwisha kuamua, na umma unashangilia.

Wahakiki wengi wameijadili hadithi hii kama mgongano kati ya mila na mapenzi, au kati ya jamii na nafsi moja. Sipingi. Lakini ukiisoma baada ya kusikia neno "ustahimilivu" katika baraza, inaonekana kama hesabu ya gharama. Jamii ya Labong'o ina mpango wa kukabiliana na ukame. Ni mpango kamili: una mtaalamu, una kiongozi anayeukubali kwa uchungu, una sherehe ya kuuzindua. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mzigo wote umewekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, naye ni msichana ambaye hakuhudhuria kikao.

Ogot anatueleza kwamba jina Oganda maana yake ni maharagwe. Hata hivyo, kwa maandishi ya Kijaluo, ambayo hayaonyeshi toni, "oganda" ni pia umati, watu, umma. Sijui kama mwandishi alikusudia mwangwi huo, na swali la kusudi si la lazima. Msomaji anayeijua lugha anausikia: umma unamtoa mtu mwenye jina la umma ili umma upone. Msomaji wa tafsiri haupati. Hii ni sababu moja ya kudai kwamba hadithi zilizoandikwa kwa Kiingereza na watu wa ziwa zihakikiwe pia na wanaolijua Kijaluo, na kwamba sisi wa idara za Kiswahili tusijifanye viziwi kwa lugha jirani.

Iko sehemu ndogo katika safari ya Oganda ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili. Yu peke yake njiani kwenda kufa, na mtoto mdogo anamkimbilia na kipuli cha sikio, akimwomba ampelekee dada yake aliyefariki, ambaye alikisahau. Oganda anakipokea. Tena anampa mtoto maji na chakula chake, kwa sababu hana haja navyo tena. Tazama jinsi mwandishi alivyolipanga tukio hili. Mtoto hana ubaya wowote. Ombi lake ni la upendo. Lakini hata mtoto amekwisha kujifunza kwamba huyu ni mtu wa kubebeshwa, na kwamba palipo na mzigo mkubwa kile kidogo hakitazidisha kitu. Na yule aliyetwikwa bado ndiye anayetoa maji katika nchi yenye kiu. Mtu aliyepita kambi ya waathiriwa wa mafuriko anawajua akina Oganda: ni wale wanawake wanaopika kwa zamu katika ua wa shule, wanaowatunza watoto wasio wao, na ambao ripoti itakuja kuwasifu kwa ustahimilivu wao.

Na mwisho wa hadithi? Osinda, kijana anayempenda, anamfuata kwa siri. Amejifunika vazi la majani, na amemtengenezea Oganda jingine, ili macho ya mizimu na ya dubwana yasiwaone. Wanakimbia. Kisha mvua inanyesha, tena kwa nguvu. Ogot hatoi maelezo. Mvua imekuja bila kafara kutimia. Wako wasomaji wanaoona hapo udhaifu wa ploti, wakisema mwandishi ameikwepa tanzia aliyokuwa ameianza. Mimi naona kwamba hapo ndipo ukali wa hadithi ulipo. Kama mvua ingenyesha baada ya kifo, mpango wa Ndithi ungethibitishwa. Kama isingenyesha kabisa, Oganda na Osinda wangehukumiwa. Kwa kuinyesha mvua juu ya watu wanaotoroka, mwandishi anaivunja ile hesabu iliyodai kwamba kupona kwa wengi hakuna budi kununuliwa kwa kuteseka kwa mmoja.

Nakiri kwamba kuna udhaifu katika hoja yangu. Vazi la majani la Osinda ni wokovu wa watu wawili tu. Nchi ya Labong'o imebaki na mganga wake na hofu yake, na mwaka mwingine wa ukame utamtafuta msichana mwingine. Riwaya ya baadaye ya Ogot, *Miaha*, ambayo aliiandika kwa Kijaluo mwaka 1983 na ambayo Okoth Okombo aliifasiri kwa Kiingereza, inalikabili jambo hili kwa njia nyingine, kwa kuitazama jembe na kazi ya watu wote. Lakini hiyo yadai makala yake. Kwa sasa inatosha kusema kwamba Wajaluo walikuwa na taasisi ya "saga", kazi ya pamoja ya kulima au kujenga ambapo leo tunakwenda kwako na kesho kwangu, na kwamba katika saga swali la nani anabeba nini lina jibu linalojulikana na wote kabla ya jua kuchomoza. Nashangaa kwamba hati zetu, zinapotafuta neno la kueleza nguvu ya jamii mbele ya maafa, hutafuta sifa ya moyo, ilhali kuna utaratibu wa kazi ulio karibu zaidi.

Kuna watakaosema kwamba hadithi hazijengi kingo za mito. Ni kweli. Wala istilahi hazijengi. Ila kingo hujengwa kwa fedha, na fedha hutolewa kwa hati, na hati huandikwa kwa maneno. Na hati ikishasema kwamba kinachopungua kijijini ni ustahimilivu, imekwisha kuamua kwamba upungufu uko kwa wanakijiji. Mfereji usiochimbwa, onyo lililotolewa kwa lugha isiyoeleweka, mlima uliovuliwa miti, vyote hivyo hugeuka kuwa mandhari tu ya nyuma. Sipendekezi neno lipigwe marufuku. Limekwisha kuenea, na lugha haiamrishwi na wahadhiri. Napendekeza tu kwamba kila anayeliandika alazimike kuiandika na sentensi inayofuata, yenye mtenda aliye wazi.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri ile sehemu ya safari ya Oganda, waieleze kwa Kiswahili kwa maneno yao. Wengi waliandika kwamba "alistahimili" jua na upweke. Mmoja, binti mkimya wa kutoka kando ya mto Sondu, aliandika kwamba Oganda "alibebeshwa" safari ile. Wenzake walilipinga neno hilo, wakasema safari haibebwi. Nikaliandika ubaoni, nikawaomba waliuke viambishi vyake kimoja kimoja, na tulipofika kwenye ule wa mwisho darasa zima likaanza kuwataja watenda: Ndithi, Labong'o, wazee, waliopiga ngoma, yule mtoto mwenye kipuli. Kengele ililia kabla orodha haijakwisha.